Paa Likiruka kwa Wote Siku Moja

Akifa mtu hapa Makorora, Tanga, usiku wa manane, hadi alfajiri turubai limeshafungwa mbele ya nyumba, majamvi yametandikwa, sufuria za shughuli zimetolewa zilikohifadhiwa, na yupo mzee mmoja mwenye daftari anayejua nani ameshatoa ubani na nani bado. Hakuna aliyeandika barua ya kuomba kibali, wala aliyesubiri mfadhili. Watu wa mtaa wameifanya kazi hiyo mara nyingi mno hata hawaioni tena kuwa ni utaalamu. Lakini ni utaalamu. Kuwalisha watu mia mbili kwa taarifa ya saa chache, kuwapatia kivuli, maji na mahali pa kulala, kukusanya fedha na kuzitolea hesabu siku ya tatu mbele ya watu wote, ndiyo kazi ambayo mashirika makubwa huiita uratibu wa dharura na kuifanyia semina hotelini. Kwa hiyo anayeuliza mtaa wake ujiandae vipi kwa kimbunga au mafuriko, jibu langu halianzi na kamati mpya yenye mhuri. Linaanza na chama cha kuzikana. Ila kuna tatizo ambalo wengi hawalioni mpaka siku yenyewe ifike: chama hicho kimeundwa kwa msiba wa nyumba moja, ilhali kimbunga huwafanya wote kuwa wafiwa kwa mpigo. Mchangaji na mchangiwa wote paa limeruka. Kisiporekebishwa mapema, chama kitakwama siku ileile kinapohitajika, na makala hii inahusu marekebisho hayo.

Wapo watakaosema Tanga hatuna vimbunga. Kwa sehemu kubwa ni kweli, na sababu yake inaeleweka: mji uko nyuzi tano hivi kusini mwa Ikweta, na karibu na Ikweta mzunguko wa dunia hauusaidii upepo kujisokota kama unavyousaidia kule Madagaska na Msumbiji. Hata hivyo, Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar, kilomita mia na ishirini hivi kutoka hapa, kikang'oa mikarafuu ya Unguja na kuharibu vyombo bandarini, zikiwamo merikebu za Sultani Barghash. Pemba ikanusurika, na tangu hapo ndiyo ikashika uongozi wa karafuu. Aprili 1952 kingine kikaikumba Lindi. Mwaka 2019 Kenneth, kilichokuwa kikihofiwa Mtwara, kikaishia Cabo Delgado, Msumbiji, kwa majirani zetu wa Kimwani. Mwaka 2021 Jobo kikapungua nguvu kikiwa njiani kuelekea Dar es Salaam. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya kikafika Mafia, wakati ambao msimu wa vimbunga huhesabiwa kuwa unaishia. Na kabla ya Hidaya, mvua za msimu huohuo, bila kimbunga chochote, zilikuwa zimeshaua watu 155 na kuathiri kaya zaidi ya 51,000 nchini, kwa hesabu ambayo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliitoa bungeni mwishoni mwa Aprili. Mtaa wenye nyumba zilizobanana na mfereji ulioziba hauhitaji kimbunga chenye jina ili uingie maji. Kwa hiyo nikisema kimbunga hapa chini, msomaji aweke pia mvua ya siku tatu na upepo mmoja mkali wa usiku.

Suala la pili ni muda. Msaada wa mbali huja, lakini hauji kesho yake. Baada ya mvua zilizoandamana na Hidaya, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga wilayani Kilwa, magari yakakaa foleni kwa siku kadhaa pande zote mbili, na boti za kwenda Zanzibar zilikuwa zimesimamishwa. Hakuna kosa la mtu hapo. Barabara ikishakwenda na maji, hata serikali yenye ghala lililojaa haina pa kupitishia. Tanga nayo inaunganishwa na nchi kwa barabara zinazovuka mito na mabonde. Siku tatu za mwanzo ni za jirani. Anayelitilia shaka hilo aitazame Bangladesh. Mwaka 1970 kimbunga cha Bhola kiliua huko watu wanaokadiriwa kuwa laki tatu au zaidi. Kuanzia 1972 wakajenga mpango wa watu wa kujitolea, kijiji kwa kijiji, wenye bendera, vipaza sauti na orodha ya nani ahamishwe kwanza. Leo wamezidi 70,000, na karibu nusu yao ni wanawake. Kimbunga Sidr cha 2007, kikali kwelikweli, kiliua watu wapatao 3,400, na Amphan cha 2020 kiliua kule Bangladesh makumi tu. Kuta za bahari na majengo ya kukimbilia vilichangia, pamoja na utabiri bora. Lakini jengo la kukimbilia haliendi kumgongea mlango bibi asiyesikia vizuri. Anayekwenda ni mtu wa mtaa anayemjua, tena mara nyingi ni mwanamke, kwa kuwa zipo nyumba ambazo mwanamume hatafunguliwa usiku.

Sasa turudi kwenye chama chetu. Wachumi waliokichunguza kijiji cha Nyakatoke mkoani Kagera, chenye kaya 119 wakati wa utafiti, walikuta vyama vya kusaidiana katika misiba vyenye kanuni, ada, faini na orodha ya wanachama, na wakavilinganisha na vile vya Ethiopia vinavyoitwa iddir. Walichokisisitiza ni kwamba hivi si huruma ya papo kwa papo. Ni bima, yenye masharti yanayojulikana na adhabu kwa mkwepaji. Vikundi vya kuweka na kukopa navyo vina nidhamu ya namna hiyohiyo: kasha lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, fedha zikihesabiwa mbele ya wote, na kando ya hisa kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya shida. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi hivyo vinatakiwa kusajiliwa, kwa hiyo vingi vina katiba, viongozi na hati. Mtaa wenye chama cha kuzikana kimoja na vikundi viwili vitatu vya akina mama umeshavuka nusu ya safari. Una fedha, una watu wanaoaminiana na kumbukumbu za nani hulipa na nani hukwepa.

Nusu iliyobaki ndiyo ngumu. Bima ya watu wa mtaa mmoja hufanya kazi kwa sababu hatufi wote siku moja. Leo ninakuchangia, mwakani utanichangia. Kimbunga huvunja hesabu hiyo. Utafiti uliofanywa juu ya kaya za Tanzania na kuchapishwa mwaka 2018 na mchumi Emily Riley unaonyesha jambo hilo kwa uwazi unaouma. Mvua ilipoharibika kijiji kizima, kaya zilizotumia huduma za fedha kwa simu hazikupunguza matumizi yao, kwa kuwa zilitumiwa fedha na ndugu wa mbali. Kaya zisizotumia huduma hizo ziliumia. Tena fedha zile hazikuvuka ukuta kwenda kwa jirani. Nchini Rwanda nako, baada ya tetemeko la eneo la Ziwa Kivu la Februari 2008, watafiti waliochungulia kumbukumbu za simu waliona watu wakiwatumia vocha walioathirika, ila vocha hizo zilielekea zaidi kwa wenye uwezo, wale ambao mtumaji alitarajia wangemrudishia siku moja. Maana yake ni kwamba siku ya maafa ya wote fedha hutoka nje, na zikiachwa zipite njia zake zenyewe humfikia mwenye ndugu Dar es Salaam au Muscat na kumruka asiye na mtu. Chama cha mtaa hakiwezi kuzalisha fedha hizo. Kinachoweza ni kuweka mlango mmoja wa kuzipokelea na kanuni ya kuzigawa.

Ushauri wa kwanza, basi, ni kutafuta undugu na chama cha mahali pengine ambapo maji na upepo uleule haviwezi kufika. Makorora ishikane na chama cha Lushoto au Muheza juu, au na watu wa Makorora waliohamia Dar es Salaam na Arusha, ambao wengi wao wana kikundi chao cha kuzikana tayari. Makubaliano yawe ya pande mbili na yaandikwe ukurasa mmoja: kwenu udongo ukiporomoka, sisi tunachanga kiasi hiki ndani ya siku mbili, kwetu paa zikiezuliwa, ninyi mnachanga kiasi hicho, bila kikao kingine cha kujadili. Neno lenye uzito ni hilo la mwisho. Kiasi kijulikane kabla, hata kikiwa kidogo, kwa sababu mchango unaoanza kujadiliwa baada ya maafa huchukua wiki mbili na huanza kwa maneno mazuri. Milima ya Usambara ina hatari yake ya maporomoko, kwa hiyo hakuna anayemfanyia mwenzake hisani ya upande mmoja. Wale walio ughaibuni nao waambiwe mapema namba moja ya kutumia. Wakisubiri kuombwa kila mmoja na nduguye, tutarudia yale ya Rwanda.

Fedha ziwekwe wapi ni swali dogo lenye madhara makubwa. Akaunti ya kikundi kwenye simu au benki ni salama kuliko kasha, lakini upepo ukiangusha nguzo, umeme na mtandao huondoka pamoja, na hata mtandao ukirudi, wakala hana fedha taslimu za kumpa kila mtu. Sehemu ndogo ya mfuko, labda ya kununulia chakula cha siku tatu, ibaki taslimu kwenye kasha la kufuli tatu, na kasha lenyewe liwe kwenye nyumba ya tofali iliyoinuka, si kwa mwenyekiti kwa sababu tu ni mwenyekiti. Kilicho bora zaidi ni mapatano na duka la jumla: mwenye duka atoe unga, mchele, maharage, mafuta na sabuni kwa sahihi ya watu wawili waliotajwa, chama kimlipe baadaye kwa bei ya siku ya kabla ya kimbunga. Wenye maduka wengi watakubali, maana wanaijua tabia ya mkopaji wao, na duka linalowauzia watu kwa bei ya haki wakati wa shida halipotezi wateja. Mapatano ya namna hiyo yafanywe na muuza mabati na misumari pia, na mafundi paa wawili au watatu, kwa sababu baada ya upepo bei ya fundi hupanda kuliko paa lenyewe.

Halafu lipo suala la wapangaji, na hapa vyama vyetu vina doa. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, korido katikati na uani nyuma, inaweza kuwa na kaya tano, lakini kwenye daftari la mtaa ikahesabiwa moja, ya mwenye nyumba. Mpangaji aliyekuja miezi mitatu iliyopita kutoka Handeni au Kigoma si mwanachama wa chama cha kuzikana. Huko kwao ndiko atakakozikwa, hivyo haoni sababu ya kulipa ada hapa. Maji yakija, yeye ndiye asiye na paa la kudai wala shamba la kurudi, na jina lake halipo. Kwa hiyo daftari la maafa lisiwe la wanachama. Liwe la vyumba. Vijana wawili wapewe mtaa waupite chumba kwa chumba, waandike idadi ya watu, namba moja ya simu, na alama moja tu kwa yule anayehitaji kubebwa au kupelekwa mapema: mjamzito wa miezi ya mwisho, mzee asiyetembea, mtoto mwenye ulemavu, mgonjwa anayetegemea dawa za kila siku. Nasema alama tu kwa makusudi. Ugonjwa wa mtu hauandikwi kwenye daftari linalozunguka mtaani. Anayejua maana ya ile alama ni mtu mmoja au wawili, pengine mhudumu wa afya wa jamii, na inatosha. Daftari lirudiwe kila baada ya miezi sita. Wapangaji huhama.

Mambo haya yakishakamilika, kimbunga kikitangazwa kazi ya siku ya kwanza ni taarifa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, kwa ngazi. Chama kikubaliane mapema ni ngazi ipi inayomfanya nani afanye nini. Kwenye angalizo, vijana wazibue mifereji na wenye mabati yaliyolegea wayafunge kwa waya. Kwenye tahadhari, wenye alama wahamishwe mchana, kabla ya giza, waende nyumba au shule iliyokubaliwa. Kipaza sauti cha msikiti hufika mbali kuliko ujumbe wa kundi la simu, na baiskeli, ambazo Tanga hazijawahi kukosekana, hupita penye nguzo zilizoanguka ambapo bajaji haipiti. Wavuvi wa Sahare na Deep Sea wasiachwe nje ya mpango: wana mashua, kamba na macho ya bahari. Lakini wasiombwe kwenda majini wakati wa upepo. Kazi yao inaanza baada yake.

Jiko la pamoja ndilo nitakalolisemea zaidi, kwa kuwa thamani yake si chakula pekee. Kaya nyingi baada ya mafuriko zina unga lakini hazina mkaa mkavu, au zina mkaa lakini jiko limekwenda na maji. Sufuria tatu za shughuli kwenye mafiga zinatumia kuni chache kuliko majiko sitini madogo. Faida kubwa, hata hivyo, ni kwamba watu wanapokuja kula wanahesabika. Mama anayegawa uji kwa daftari la vyumba atajua kufikia saa nne asubuhi kwamba chumba cha nyuma nyumba ya pili hakijaleta bakuli, na atamtuma mtoto akaangalie. Hakuna kamati inayoweza kufanya sensa ya haraka kiasi hicho. Wapishi nao wawe na zamu. Ni desturi mbaya tuliyonayo kwamba wanawake wale wale watano hupika katika kila shughuli mpaka waugue, wakati wanaume wapo barazani wakipanga. Kuni, maji na kuosha masufuria havihitaji jinsia. Jiko liishie siku ya tano au ya saba. Likiendelea zaidi ya hapo huwanyang'anya mama ntilie wateja na kumfanya mtu mzima mwenye mikono yake asimame foleni kama mwanafunzi. Baada ya hapo ni bora kaya ipewe fedha au chakula kikavu, ijipikie.

Kuhusu maji sina mengi ya kuongeza juu ya yanayojulikana, ila msisitizo. Maji ya mji wa Tanga hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, na mto ukifurika hujaa tope. Hapa mtaani nako vyoo vya shimo hufurika na visima vikachafuka. Beira, Msumbiji, baada ya kimbunga Idai mwaka 2019, kipindupindu kiliingia ndani ya wiki mbili tu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, hata yakiwa meupe, na sufuria moja ya jiko la pamoja iwe ya kuchemshia maji tu. Anayeharisha apewe lita moja ya maji safi yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi wakati anapelekwa kituo cha afya. Waya ulioanguka usiguswe na mtu yeyote, hata fundi wa mtaani anayejiamini, mpaka TANESCO wafike. Na wanaopanda kwenye mapaa kupigilia mabati wavae viatu. Majeraha ya misumari ni mengi kuliko watu wanavyodhani.

Lakini hatari inayosahauliwa ni ya polepole. Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017, hesabu rasmi ya vifo ilikaa kwenye 64 kwa miezi mingi. Agosti 2018 ikabadilishwa kuwa 2,975, baada ya utafiti wa kulinganisha vifo vya miezi iliyofuata na vya miaka ya kawaida. Umeme na huduma za afya zilikatika, na wagonjwa na wazee wakafa kimyakimya baada ya kamera kuondoka. Huko pia, katika mji wa Caguas, wenyeji walifungua kituo cha kusaidiana kilichoanza na jiko kisha kikaongeza huduma za afya, na miji mingine ikafuata. Funzo la vitendo kwetu ni kwamba ile alama kwenye daftari isifutwe upepo ukitulia. Mtu mwenye kisukari, presha au kifua kikuu, au anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, atembelewe kila siku kwa mwezi mzima, aulizwe dawa zimebaki za siku ngapi, na kama kituo cha afya kimeishiwa, bodaboda mmoja alipwe nauli aende hospitali ya Bombo kuwachukulia wengi kwa safari moja.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni kwamba hii ni kazi ya serikali, na tukiifanya wenyewe tutaipa serikali kisingizio. Hoja hiyo si ya kubezwa. Januari 2017, miezi michache baada ya tetemeko la Kagera lililoua watu 17 nchini, Rais Magufuli aliwaambia wananchi wa Bukoba waziwazi kwamba serikali haiwezi kumjengea kila mtu nyumba. Wengi walikasirika, na walikuwa na haki ya kuuliza michango ilikwenda wapi. Hata hivyo, kukaa mikono mitupu hakumfanyi mtu adai vizuri zaidi. Anayedai vizuri ni yule mwenye daftari. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati za maafa kutoka taifa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Mahali pengi kamati hizo ni majina kwenye faili la mtendaji. Chama kiwapeleke watu wake wawili ndani ya kamati hiyo, kikabidhi nakala ya orodha ya vyumba kwa mtendaji wa mtaa na kugongewa mhuri wa kupokelewa, na tathmini ya serikali itakapokuja itakuta idadi ambayo si rahisi kuipunguza. Mfereji, barabara, nguzo na bomba ni vya serikali na halmashauri, na vibaki kuwa vyao. Chama kikijaribu kujenga mfereji mkuu kwa michango ya shilingi mia tano, kitakufa na mfereji hautajengwa.

Pingamizi la pili ni wizi, na hili nalichukulia kwa uzito kuliko la kwanza. Katika michango ya Kagera hiyohiyo, Septemba 2016, Rais alitengua uteuzi wa watendaji wawili kwa tuhuma kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina sawa na ile rasmi ya maafa. Msumbiji, baada ya Idai, shirika la Human Rights Watch liliripoti wanawake waliosema kuwa viongozi wa mitaa yao waliwataka kingono ili majina yao yaingie kwenye orodha ya chakula. Wanaodhani kila kilicho cha jamii ni safi kwa asili yake waisome taarifa hiyo mara mbili. Jirani anaweza kuwa mnyanyasaji kuliko ofisa wa mbali, kwa kuwa anajua nani hana wa kumtetea. Kinga siyo kutafuta watu wema. Ni kutenganisha kazi: anayeandika orodha asiwe anayegawa, anayegawa asishike fedha, na wanawake wawe nusu ya wote kila mahali. Orodha ya waliopata na kiasi walichopata ibandikwe ukutani kila jioni, mahali panapopitwa na wote, bila majina ya wagonjwa. Mapokezi ya fedha yasomwe kwa sauti kama yanavyosomwa ya ubani. Tumezoea kusomewa hesabu za msiba hadharani bila kuona kuwa tunamtukana mtu. Tuzoee na hizi. Na mwenye lalamiko awe na mtu wa kulipeleka aliye nje ya chama, kwa mfano kiongozi wa chama kile ndugu cha Lushoto.

Lipo pingamizi jingine ambalo husemwa kwa sauti ya chini: kwa nini asiyelipa ada apate sawa na aliyelipa miaka kumi? Hapa ndipo vyama vingi vitavunjika visipokubaliana mapema, na sidhani kama linajibika kwa hotuba za upendo. Njia ninayoiona ni mifuko miwili isiyochanganywa. Mfuko wa kuzikana ubaki na masharti yake, mwanachama apate haki yake kwa kadiri alivyochangia. Mfuko wa maafa, unaolishwa na mchango mdogo wa kila mwezi na fedha za kutoka nje, ugawiwe kwa haja tu: nani hana paa, nani hana chakula, nani ana mtoto mchanga. Kanuni hiyo si ngeni hapa. Katika zaka mwenye kustahiki huangaliwa hali yake, na msafiri aliyeishiwa njiani ni miongoni mwao, hata kama kwao ana mali. Makanisa nayo huchanga kwa ajili ya wasio waumini wao. Tena kuna hesabu kavu: mpangaji asiye na choo baada ya mafuriko, asiposaidiwa, kipindupindu chake hakitauliza nani alilipa ada.

Misaada ya vitu, hasa nguo, inahitaji ujasiri wa kukataa. Tangazo likisema tu kwamba watu wamepoteza kila kitu, zitakuja mitumba na viatu vya mguu mmoja, na vijana sita watapoteza siku nzima kuchambua. Tangazo la mtaa litaje vitu vichache na idadi yake: magodoro kumi, khanga thelathini, ndoo zenye mifuniko, taulo za kike, misumari ya bati kilo ishirini. Vingine vyote, fedha. Fedha zikinunua kwenye duka la mtaa, mwenye duka ambaye naye ameingiliwa na maji anainuka pamoja na wengine.

Anayetaka kuanza asiitishe mkutano wa maafa, hawatakuja. Asubiri kikao cha kawaida cha chama cha kuzikana, kabla ya vuli au kabla ya masika, aombe robo saa kwenye mengineyo. Apendekeze mambo matatu yanayoweza kupitishwa siku hiyo: vijana wa daftari la vyumba, mchango mdogo wa mfuko wa pili, na watu wawili wa kwenda kuzungumza na mwenye duka. Undugu na Lushoto uje kikao kinachofuata. Halafu hitima au maulidi yajayo yatumike kama zoezi: upishi ufanywe kwa zamu mpya, wageni wahesabiwe kwa daftari la vyumba, hesabu ibandikwe ukutani jioni hiyohiyo. Makosa yataonekana, na ni heri yaonekane siku ya pilau. Daftari liwe na nakala mbili zaidi ya ile ya mtendaji, moja ndani ya mfuko wa nailoni kwa mshika kasha na nyingine ipelekwe Lushoto pamoja na ukurasa wa makubaliano.